Shangazi, kuna dawa ya zamani ya usingizi inatibu maumivu ya misuli, niinunue?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka 43, naishi Mikindani ila kwetu ni Newala. Naomba jina langu usiliweke maana mawifi zangu wanakusoma kila wiki.

Shangazi mie naumwa mwili. Nikisema hivo watu wanajua malaria, hapana, hii inakwenda mwaka wa nne sasa. Ilianza shingoni na mabegani msimu ule nlipokuwa nabangua korosho, unakaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jioni umeinama, nikasema ni uchovu wa kazi, nikaacha kubangua nikaanza kuuza vitumbua na chai, maumivu yakakataa kuondoka, yakashuka mgongoni, nyonga, mapaja, sasa hivi mpaka nyayo. Siku nyingine mtoto akinilalia begani nasikia kama kaniwekea tofali.

Asubuhi ndo mbaya kuliko. Nalala saa nne usiku naamka saa kumi nikachome vitumbua, naamka nimechoka kuliko nilivolala, mwili kama ulikuwa unatwangwa kinuni usiku mzima. Na kusahau juu yake, juzi nimetia chumvi mara mbili kwenye unga, wateja wakarudisha.

Nimepima malaria, taifodi, mkojo, sukari, wingi wa damu, picha ya mgongo, vyote safi, ila presha inapandapanda kidogo. Diklofenaki nimekunywa mpaka tumbo linawaka moto. Sindano za vitamini sizihesabu. Mwaka jana daktari mmoja alinibonyezabonyeza mwili mzima akasema mama una fibromaialjia, haiui ila inasumbua, akaniandikia panadoli basi. Nimefika nyumbani mume wangu ananiuliza ugonjwa gani huo hauonekani kwenye picha wala kwenye damu? Wifi anasema nimetupiwa kitu. Siku hiyo nlilia Shangazi, maana maumivu nshayazoea lakini kuambiwa najisingizia nimeshindwa kuzoea.

Usiku mama mkwe wangu ana vidonge vyake vya valiamu vya hospitali, akawa ananipa kimoja kimoja. Nikimeza nalala gogo, asubuhi mwili ni uleule. Sasa ni miezi mitano karibu kila siku nameza.

Sasa mwanangu mkubwa yuko Dar, kasoma kwenye simu kwamba Marekani walifanya utafiti wa dawa ya usingizi ya zamani, ya maji, inaitwa GHB, wagonjwa wa hii fibromaialjia wakanyweshwa usiku wakalala vizuri na maumivu yakapungua, lakini serikali yao ikakataa isitolewe kwa ugonjwa huu. Kapata mtu anasema ataileta, chupa moja laki tatu, haina lebo kwa sababu inapita njia za panya. Mimi kikoba chetu kinagawana mwisho wa mwezi huu, nategemea kama laki tatu na nusu.

Shangazi hiyo dawa ni kweli au ni uongo? Na kama ilisaidia watu kwa nini waliikataa? Niinunue?

Mama wa Mikindani

*

Marahaba mwanangu. Hiyo chupa usinunue. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kikoba kikigawiwa hela haikai, na mwanao kwa mapenzi aliyonayo kwako keshamwambia yule mtu asubiri. Yaliyobaki ntakueleza taratibu, maana hilo swali lako la kwa nini waliikataa limenikalisha siku mbili, ni swali la mtu mwenye akili zake timamu.

Halafu kabla sijaenda mbali: wewe unaumwa. Husingizii na hukutupiwa kitu. Mimi nimefanya unesi Lindi miaka mingi mpaka nikastaafu, wanawake wa aina yako nimewapokea sana, wanakuja na kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu ili mgongo ushike, vipimo safi, tunawapa panadoli tunawaambia mama pumzika, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo maneno kwa mdomo wangu. Naumia nikikumbuka. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa kwenye misuli wakati misuli haina kidonda. Kwenye fibromaialjia shida iko kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, ule mfumo unaopokea taarifa za maumivu umekuwa mkali kupita kiasi, kama mbwa wa ghala la korosho anayebweka mpaka popo akipita juu ya mkorosho. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila picha ya eksrei haiwezi kupiga picha mbwa anayebweka. Ndo maana mumeo haoni kitu.

Sasa usingizi. Umeandika jambo kubwa bila kujua, uliposema unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Mwaka 1975 huko Toronto, Kanada, daktari mmoja Harvey Moldofsky na wenzake waliwapima wagonjwa wa maumivu haya (enzi hizo yakiitwa fibrositisi) wakiwa wamelala, wakakuta kwenye ule usingizi mzito kabisa ambao mwili unajitengeneza, ubongo wao unatoa mawimbi ya mtu aliye macho. Yaani umelala lakini nusu yako inalinda mlango. Halafu wakachukua watu wachache wazima wasioumwa kitu, kila wakiingia usingizi mzito wanapigiwa kelele, sio za kuwaamsha kabisa, za kuwatoa tu kwenye ule uzito. Baada ya siku chache hao wazima wakaanza kuumwa misuli na kuchoka asubuhi. Walivoachwa walale, wakapona! Mimi nlivoisoma hiyo nilikaa kimya, nikawakumbuka wale kinamama wote niliowauliza unaumwa wapi na sikuwauliza hata siku moja unalalaje.

Ndo hapo dawa ya mwanao inapoingia, na hajadanganywa, utafiti upo. Hiyo GHB ilianza kufanyiwa kazi Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari wa upasuaji Henri Laborit, ikatumika kama dawa ya nusu kaputi. Ukiisafisha kiwandani kwa vipimo inaitwa sodiamu oksibeti, na sifa yake ni kwamba inaongeza ule usingizi mzito. Mwaka 2002 Marekani wakairuhusu kwa jina la Xyrem kwa ugonjwa wa nakolepsi, wale watu wanaolala ghafla mchana na kuishiwa nguvu mwili mzima hata wakicheka tu. Basi wakasema, kama inarudisha usingizi mzito, tuwajaribu wa fibromaialjia. Wakafanya majaribio mawili makubwa, zaidi ya watu 1,100 kwa jumla, wiki 14, wengine wakapewa dawa gramu 4.5 au 6 kwa usiku, wengine wakapewa kinywaji kisicho na dawa bila kujua. Kwenye moja ya majaribio hayo zaidi ya nusu ya waliopewa dawa maumivu yalipungua kwa asilimia 30 au zaidi, na kwa wale wa kinywaji kitupu ilikuwa kama theluthi moja. Sio muujiza, lakini ni nafuu ya kweli.

Agosti 2010 kamati ya washauri wa FDA, ndo mamlaka ya dawa ya kule, ikapiga kura: 20 wakakataa, 2 wakakubali. Oktoba FDA yenyewe ikasema hapana. Na huku Ulaya, miongozo ya madaktari wa magonjwa ya viungo iliyotoka 2016 imeiweka kwenye dawa zisizopendekezwa kwa fibromaialjia.

Kwa nini? Kwanza hii dawa inapunguza pumzi. Kipimo cha kukulaza na kipimo cha kukuzimisha moja kwa moja haviko mbali, na ikikutana na pombe au dawa nyingine ya usingizi mtu anaweza kuacha kupumua akiwa kitandani kwake, hana hata sauti ya kuita. Pili ni maji meupe yasiyo na rangi, yana chumvichumvi tu, na kwa miaka wanaume wabaya wamekuwa wakiitia kwenye vinywaji vya wasichana ili wawabake, mpaka Marekani mwaka 2000 wakaitungia sheria ya kuipiga marufuku. Ile ya nakolepsi ikabaki chini ya ulinzi mkali, mgonjwa anaandikishwa, inatoka famasi moja maalum. Sasa wenye nakolepsi ni wachache, lakini wa fibromaialjia huko Marekani wanakadiriwa kama milioni 4. Kamati ikajiuliza, chupa zikiingia kwenye nyumba nyingi hivo, kuna watoto, kuna vijana, kuna uraka sebuleni (wao wana bia zao lakini unanielewa), tutazika wangapi? Na utumiaji wake wenyewe ni mgumu, unakunywa ukiwa tayari kitandani, halafu masaa mawili na nusu mpaka manne baadae unaamka kwa alamu unakunywa tena. Wewe unayeamka saa kumi kuchoma vitumbua na mafuta ya moto!

Mimi kwenye hiyo kura ningekaa na wale 20, na bado nawaonea huruma waliopata nafuu halafu wakanyang'anywa.

Ila mwanangu hayo yote ni ya dawa halali ya kiwandani. Chupa ya laki tatu isiyo na lebo ni kitu kingine, hujui ni gramu ngapi kwenye kijiko, ya mtaani inapikwa na kemikali za viwandani, haijasajiliwa TMDA, ndo mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, na hakuna wa kumuuliza ukizidiwa. Halafu angalia ulichoniandikia: una presha, na hiyo dawa ina sodiamu nyingi (ile iliyomo kwenye chumvi), kipimo cha gramu 6 tu ni zaidi ya gramu moja ya sodiamu kila usiku. Na kila usiku unameza valiamu. Huo mchanganyiko ndo unaoua. Nilivofika kwenye hiyo mistari miwili kwenye barua yako nlishika kichwa.

Tuje kwenye hiyo valiamu basi, maana hiyo tayari iko tumboni. Nayo ni ya zamani, ipo toka 1963, na watu wanaiamini sana kwa misuli. Mwaka 2017 huko New York walichapisha utafiti wa watu 114 wenye maumivu ya mgongo ya ghafla, wote wamepewa dawa ya maumivu, nusu wakaongezewa valiamu na nusu kidonge kitupu, baada ya wiki hakukuwa na tofauti. Na usingizi wake ni wa kuzimwa, dawa za jamii hiyo zinapunguza ule usingizi mzito unaoutafuta, kwa hiyo unalala gogo kweli na unaamka uleule kama ulivyosema mwenyewe. Sasa nisikilize vizuri: USIIACHE GHAFLA. Miezi mitano karibu kila siku, mwili umeshaizoea, ukikata siku moja unaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Mwambie daktari ukweli wote, kimoja kila usiku, cha mama mkwe, akupangie kushuka kidogo kidogo. Usione aibu, sisi wa wodini tumesikia mengi kuliko hayo. Na mama mkwe naye mwambie dawa zake ni zake, akiishiwa kabla ya tarehe naye anaumia.

Kuna dawa nyingine ya zamani, ya bei ndogo, na ipo hospitali zetu: amitriptilini. Marekani ilianza 1961 kama dawa ya sonona, lakini toka miaka ya 1980 imefanyiwa utafiti kwa hii fibromaialjia kwa kipimo kidogo sana, kidogo kuliko cha sonona, inamezwa mara moja usiku. Hapa kwetu vidonge vingi ni vya miligramu 25, daktari anaweza kukuanzishia nusu. Inasaidia usingizi na inatuliza yule mbwa. Sikudanganyi kwamba inamfaa kila mtu, kwa kila wanne hivi wanaopewa mmoja ndo anapata nafuu kubwa kwa sababu ya dawa, na inataka wiki kadhaa kabla ya kuiamua. Kinywa kitakauka, choo kinaweza kufunga, asubuhi za mwanzo utakuwa mzito kwa hiyo anza siku ambayo huchomi vitumbua. Ukiwa na tatizo la moyo au presha ya macho sema kabla hujaandikiwa. Na usimeze pamoja na valiamu kwa kujipangia mwenyewe, yeye daktari ndo apange ipi inashuka na ipi inaingia. Mwanao akisikia pia habari za sayklobenzaprini, ya kulegeza misuli, ni ndugu wa hiyo hiyo, ipo toka 1977, na Agosti 2025 Marekani wameruhusu aina yake ya kuweka chini ya ulimi wakati wa kulala kwa ajili ya fibromaialjia. Unaona wanavyorudi kwenye usingizi kila mara? Lakini hiyo isikukimbize, ya hapa kwanza.

Sasa ntakwambia kitu utakasirika. Kwenye ile miongozo ya Ulaya ya 2016, katika yote waliyoyapima, dawa zote na tiba zote, kilichopendekezwa kwa nguvu ni kimoja tu: mazoezi. Najua, mtu anaumwa mpaka nyayo unamwambia mazoezi, mimi ningekutukana. Lakini sisemi ukimbie. Jioni jua likishuka maji yakiwa yamekupwa, tembea ufukweni hapo Mikindani dakika kumi, na khanga yako, polepole, urudi. Wiki hiyo ya kwanza utaumia zaidi, ni kawaida, usiongeze wala usiache, baki kwenye kumi. Wiki ya pili au ya tatu ndo unaongeza tano. Siku ukijisikia nzuri usifue nguo za wiki nzima, hiyo ndo inawaangusha wengi, leo kafanya vya siku nne kesho hanyanyuki.

Na masaa yako mwanangu. Saa nne mpaka saa kumi ni masaa sita, na ni masaa sita mabovu. Unga wa mchele uloweke na kuusaga mchana, moto binti mkubwa awashe, wewe upate hata nusu saa. Kama unakoroma sana au mumeo amewahi kukuona umekata pumzi usingizini, hilo nalo liseme hospitali, lina njia yake.

Kuhusu vipimo, sijaona thairoidi kwenye orodha yako. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu inaleta uchovu na maumivu ya misuli yanayofanana sana na haya, na ina dawa yake. Nenda hospitali ya mkoa Ligula, au ile ya rufaa ya kanda kule Mitengo, uulize kama wanakupima. Waonyeshe pia viungo, kama kuna kinachovimba au kuwa cha moto, au umepungua kilo bila sababu, au mguu unakosa nguvu kabisa, hayo sio ya fibromaialjia na hayatakiwi kusubiri. Diklofenaki pumzika kwanza, tumbo limeshakulalamikia, na kwa mwenye presha sio rafiki.

Mumeo mpe hii barua asome, au msomee. Baba, mkeo amebangua, amechoma vitumbua, amelea wanne, hajawahi kuwa mvivu, leo anakwambia anaumwa na unataka picha ya eksrei ndo umwamini? Nenda naye hospitali. Kaa naye chumbani kwa daktari, usibaki nje kwenye benchi. Daktari akisikia kutoka kwa mume kwamba huyu mama anagaragara usiku mzima, anaandika tofauti.

Wifi usigombane naye. Mwambie asante, nimepata jina la ugonjwa.

Laki tatu na nusu ya kikoba toa ya nauli na vipimo, inayobaki nunua godoro kama lenu limebonyea, au rudisha kwenye mtaji. Mwanao mpigie leo hii kabla hajatuma kianzio, na umwambie kwa upole, alichosoma ni kweli na alikitafuta kwa ajili yako, ila chupa hapana.

Na ukikaa mbele ya daktari usianze na mgongo kama tulivyozoea. Anza na usingizi, kwamba unalala masaa sita na unaamka umetwangwa. Halafu ndo useme mengine.

Shangazi